Mguu wa Mwaka 1412

Magunia mawili ya viazi yalilingana kwa uzito na deraya yake, vazi la chuma la vita. Radomir Kulesza aliyafunga mabegani kwa kamba, akasimama katikati ya gereji yake kwa mguu mmoja wa kuzaliwa nao na mmoja wa bandia, akaikazia macho saa ya ukutani. Alisimama saa nzima na robo. Akachuchumaa, akainuka, akazungusha upanga, akaenda mbele hatua kumi na kurudi nyuma hatua kumi, wala hakuyumba. Mguu ule aliopewa hospitali baada ya lori la magogo kumpitia ulikuwa mwepesi, una springi kisiginoni, na ukiuvalisha bamba la chuma hata mama yake mzazi asingejua ndani mna nini.

Basi tatizo halikuwa mguu. Tatizo lilikuwa Radomir mwenyewe.

Kwa miaka kumi na minne bwana huyu alikuwa mkuu wa wakaguzi wa Kikosi cha Nguruwe Mwitu. Hao ni watu wazima na akili zao, mafundi bomba, walimu, madereva wa tramu, ambao kila Julai huenda ngome ya Wilkowo kupigana vita vya mwaka 1412 kwa panga zisizo na makali. Mkaguzi hukaa getini kuhakikisha hakiingii kambini kitu ambacho mwaka ule hakikuwepo. Saa ya mkononi, hapana. Miwani ya kushikia masikioni, hapana, papasa. Nguo ya cherehani, fumua ushone kwa mkono au rudi kwenu. Tena kila ulichovaa uwe na ushahidi wake, ama picha ya kanisani ya miaka ile, ama kitu kilichofukuliwa ardhini kikawekwa makumbusho. Ukijitetea kwamba huenda watu wa zamani walikuwa nacho, Radomir alikujibu, "Huenda si ushahidi," akamwita anayefuata. Na kifungu cha tisa cha kanuni alikiandika yeye kwa mkono wake: kisichoonekana nacho kitakaguliwa.

Aliyesababisha kifungu hicho ni Ludwika, mkutubi wa shule aliyekuwa akiwapikia kikosi supu. Radomir alimwona anatembea kwa raha mno kwa umri wake, akamwamuru apandishe sketi, ya kwanza, ya pili, ya tatu, mbele ya foleni ya wanaume, mpaka ikaonekana bandeji ya mpira gotini. "Mwaka 1412 magoti yalikuwa yanauma tu, mama," akamwambia. Foleni ikaangua kicheko. Ludwika alirudi kwao siku hiyohiyo kwa treni. Mwaka uliofuata akaja bila bandeji, anachechemea, amebeba faili la ushahidi nene kama Biblia, na tangu hapo hakuna aliyemkuta na kosa. Radomir alipolazwa hospitali, wanakikosi wenyewe wakampigia kura Ludwika achukue kiti chake.

Kiti hakikumuuma Radomir. Kilichomuuma ni deraya. Aliifua mwenyewe katika gereji ileile, majira sita ya baridi, nyundo mkononi, mpaka masikio yakaziba. Akiwa kitandani hospitali, Witek, kapteni wa kikosi, alikuja kumwona na machungwa kilo moja.

"Chuma kikikaa bure kinaota kutu, ndugu yangu," alisema Witek. "Maungo yetu ni mamoja. Niachie niivae, nikutembezee."

Akaitembeza miaka miwili. Kila Radomir alipogusia habari ya kurudishiwa, Witek alimpiga bega. "Siku utakayopita getini kama askari, naivua palepale nakuvalisha kwa mikono yangu. Watu wote mashahidi."

Kwa hiyo mtu huyu alitaka jambo moja tu duniani, nalo ni kupita getini kama askari, avishwe deraya yake, asimame mstari wa mbele chini ya bendera yake. Kwa mguu wa hospitali asingepita, kifungu cha tisa kilikuwa kinamsubiri. Akaamua kutengeneza mguu wa mwaka 1412.

Zama zile aliyekatwa chini ya goti alilikunja goti, akaliegemeza juu ya kigogo kilichochongwa kama kikombe, akafunga mikanda pajani. Radomir alichonga cha mwaloni. Wiki ya kwanza goti lilivimba, ya pili likatoa damu, ya tatu akawa analia huku anatembea, na baada ya miezi tisa likaota sugu. Mke wake alimwambia amerukwa na akili. Alimwambia kweli, lakini hakusikilizwa.

Ijumaa ya Julai, mvua imetoka kunyesha, Radomir akafika getini. Ludwika alikuwa mezani. Witek alisimama pembeni ndani ya ile deraya, inameta, anakula mkate wa mafuta ya nguruwe na tango la chumvi.

"Geuka tukuone nyuma, mrembo!" Witek akapiga kelele. Foleni ikacheka.

Ludwika hakucheka. Aliinama akapapasa mikanda, akanusa ngozi, akahesabu mishono kwa ukucha.

"Umeshona mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Nta?"

"Ya nyuki."

"Misumari?"

"Hamna msumari. Vigingi vya mti."

Akafungua faili la Radomir, picha nne za madhabahu za makanisa ya zamani, akazitazama moja moja bila haraka. "Mguu umepita," akasema. "Sijaona kitu cha kweli kama hiki tangu nikalie kiti hiki."

Watu wakapiga makofi. Witek, na hapa tumpe haki yake, akafuta mafuta mdomoni, akaanza kuvua glavu ya chuma. Radomir akanyoosha mkono kuipokea.

"Bado," akasema Ludwika. "Hapa umejiandika askari wa mstari wa mbele. Nionyeshe askari."

"Si unauona mguu?"

"Mguu nauona. Aliyeuvaa ni nani? Huyu ombaomba. Huyu ombaomba. Huyu ombaomba, mbwa anamkojolea. Huyu anapewa mkate na mtakatifu. Nionyeshe hata mmoja aliyevaa deraya."

"Ludwika, walikuwepo. Vita vyote vile, miguu yote ile iliyokatwa, unataka kuniambia hakuna hata mmoja aliyerudi vitani? Huenda..."

Akajiuma ulimi, lakini neno lilikwishatoka. Nyuma yake foleni nzima, wanaume kwa wanawake, watu aliowafukuza kwa vifungo na kwa viatu na kwa rangi ya uzi, wakajibu kwa sauti moja kama kanisani, "Huenda si ushahidi!" Wakacheka mpaka wengine wakashikilia uzio. Witek naye alicheka, akaivaa glavu yake tena.

Ludwika alingoja kicheko kiishe. Uso wake ulikuwa mkavu, na hilo ndilo lililomkata Radomir maini, maana kama angecheka, Radomir naye angepata pa kumtukania.

"Ombaomba naandika sasa hivi," alisema. "Askari, hapana. Au kuna basi saa sita."

Radomir aliitazama deraya yake juu ya mwili wa mtu mwingine, akalitazama bonde ambako bendera zilikuwa zinasimikwa.

"Andika," akasema.

Wakampa matambara na bakuli la mti. Siku mbili alikaa kwenye matope mlangoni mwa kambi, na watalii wakampenda kupita wapiganaji wote. Walimpiga picha wameinama karibu naye, wakauliza kama mguu ni wa kweli, mmoja akaugonga kwa ufunguo wa gari. Witek kila akipita alimtupia gozi la nguruwe. "Kula, maskini wa Mungu, uniombee nisife kesho!" Na wenzake wakashikana mbavu. Radomir aliliokota gozi akalila, kwa sababu ombaomba asiyekula gozi hana ushahidi. Kusema kweli alijichukia.

Jumapili saa nane mchana vita vikaanza. Watu elfu kadhaa walijaa mteremkoni na aiskrimu zao. Mtangazaji alikaa mnarani na kipaza sauti, kitu pekee ambacho wakaguzi walikifumbia macho. Askari wakagongana, farasi wakalitibua bonde, na kwa mujibu wa mpango Witek akauawa dakika ya ishirini, akaanguka chali karibu na mteremko ambako picha hutoka vizuri. Kanuni ya maiti ni kali. Ukishakufa hujikuni, husemi, hutikisiki, mpaka tarumbeta ya mwisho.

Vita vikisogea upande wa pili wa bonde, maombaomba na wanawake wa kambini hutumwa uwanjani kuwavua wafu, ndivyo ilivyokuwa zamani. Kwa kawaida mtu huchukua kiatu au kofia, akarukaruka kidogo, watu wakacheka, basi. Radomir alikwenda moja kwa moja kwa Witek, akakaa chini, mguu wa mwaloni ameunyoosha pembeni.

Alianza na bizimu ya mkanda wa bega la kushoto.

"We, unafanya nini?" Witek akanong'ona bila kufungua mdomo.

"Maiti haisemi."

"Chukua glavu uende zako."

Radomir alihamia bega la kulia. Kila bizimu ya deraya ile aliijua gizani na mchana, aliijua kuliko vifungo vya shati lake. Akavua glavu, akavua kofia ya chuma, akafungua ubavu mmoja na ubavu wa pili, akalinyanyua bamba la kifua kama mtu anayefunua sufuria. Mteremkoni watu walianza kupiga makofi ya mdundo. "Tazameni mwizi huyu!" mtangazaji akalia. "Anamvua kapteni mzima!" Witek alibaki na joho la kitani lililoloa jasho, ameng'ata meno, anatazama mbingu, hana la kufanya kwa kuwa amekufa.

Halafu Radomir akavaa.

Bamba likamkaa kifuani, likakaa pale pale lilipopaswa kukaa, na mtu mzima huyu akatokwa na machozi mbele ya elfu kadhaa. Akafunga mikanda, akavaa kofia ya chuma, akaokota upanga, akajiinua kwa kuegemea ngao ya maiti mwingine. Kule ng'ambo, hatua thelathini hivi, bendera ya nguruwe mwitu ilikuwa bado imesimama na watu kumi na wawili chini yake. Hakutaka zaidi ya kufika pale na kusimama nao bega kwa bega. Baadaye wamfukuze maisha, shauri yao.

Akatembea hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Hatua ya nne kigogo cha mwaloni kilizama kwenye matope hadi kwenye kikombe. Mguu wa hospitali una wayo mpana, usingezama, lakini mguu wa mwaka 1412 ni mti uliochongoka tu. Uzito wa chuma ukamvuta mbele, mkanda wa paja ukakatika, na Radomir akaanguka kifudifudi huku mguu wake umebaki nyuma, umesimama wima peke yake matopeni.

Kicheko kilichotoka mteremkoni hakijasikika Wilkowo kabla wala baada. Watoto walipanda mabegani mwa baba zao waone. "Mwizi kalemewa na mali ya wizi!" akalia mtangazaji, na kicheko kikaanza upya. Tope liliingia kwenye matundu ya kofia ya chuma, likamjaa puani na mdomoni. Radomir akajaribu kugeuka, bamba likamkatalia.

"Witek," akaita. "Witek, siwezi kupumua. Nipe mkono."

Witek alikuwa hatua nne nyuma yake, chali, hana hata kidonda.

"Mimi maiti, ndugu," akasema.

Mtu aliyetembea kwa magoti na viwiko kumgeuza ni mama mmoja wa kambini, tena kwa sababu alitaka kiatu chake. Radomir akalala chali anatema tope, anahema, mpaka tarumbeta ikalia. Wafu wakainuka kila mahali, wakajipangusa, wakaanza kuulizana bia iko wapi. Ludwika akaja na ule mguu, ameufuta kwa aproni yake.

"Mguu umezama kama ulivyotakiwa kuzama," alisema, na hakuwa anamdhihaki. "Nitauandika kwenye faili la ushahidi." Akauweka kifuani pake juu ya bamba, akaenda zake akichechemea.

Witek akasimama juu yake, amefunika jua.

"Vua. Saa kumi tuna onyesho la pili."

Radomir akaanza kufungua bizimu kwa vidole vilivyojaa tope. Alifungua mbili, akasita.

"Wamependa sana," Witek akaendelea. "Nimetoka kuongea na mtangazaji. Unanivua tena, unavaa tena, unaanguka hivyohivyo. Na mwakani pia. Nakuachia uvae, unaonaje? Mimi si mbaya."

Radomir alijiinua kwa kiwiko. Uwanja ulikuwa unamwagika watu, na bendera ilikuwa inakunjwa kule ng'ambo.

"Niache nianguke hatua ya kumi," akasema.

"Kumi ni nyingi, watu watachoka kungoja. Tano."

"Nane, Witek. Tafadhali."

"Sita. Ya sita uwe chini."

Radomir akakubali sita, akamkabidhi bamba la kifua.