Pointi ya Bure

Kaka alikuwa ametimiza miaka tisa akifanya kazi ndani ya chumba cha barafu pale machinjioni, na kifua kilikuwa kimeanza kumtemesha damu. Kwa hiyo tajiri mwenye machinjio alipotangaza kwamba atakayeshinda mashindano ya chesi atahamishiwa kwenye mizani, nje, penye jua, kaka alicheza kama mtu anayegombania pumzi.

Walijiandikisha thelathini na watatu. Mimi naosha utumbo, lakini mwandiko wangu unasomeka, basi nyapara akanipa daftari. Nikamwambia kwa sauti ndogo kuwa mmoja atakosa mwenzake.

"Si unajua kucheza? Jiandike, watimie."

Wanaume wakacheka, wakaulizana nani atakubali kufungwa na muosha utumbo. Nikaona haya. Sikujiandika.

Kura ikamwacha Mnoaji, yule anayenoa visu vya zamu zote. Raundi ya kwanza akakaa peke yake mbele ya kete, akapewa pointi ya bure, kana kwamba ameshinda. Wakaanza kumwita Bwana Bure. Akawa anatabasamu huku anameza mate. Raundi nne zilizobaki alishinda zote, akizigonga kete mpaka meza inatikisika.

Raundi zilikuwa tano tu, kwa sababu jioni ile kulikuwa na ng'ombe wa kushusha. Kaka naye alikuwa na pointi tano, na hawakuwa wamekutana. Mnoaji akaomba raundi ya sita, wakate mzizi wa fitina. Nyapara akakataa. Akajumlisha pointi za watu ambao kila mmoja alicheza nao. Kaka alicheza na watu watano, Mnoaji wanne, basi jumla ya kaka ikazidi. Ushindi akapewa kaka.

"Mimi sikukataa kucheza," Mnoaji akasema. "Nyie ndio hamkunipa mtu."

Kaka angenyamaza tu. Badala yake akamwambia, "Pointi yenyewe bure, na mwenyewe bure."

Mnoaji akamtandika ubao usoni. Meno mawili yakadondoka katikati ya kete. Kaka akamkaba, wakaburutana korido nzima wakiumana kama mbwa, mpaka kwenye mlango wa chumba cha barafu. Hapo Mnoaji akaubana mkono wa kulia wa kaka kwenye fremu, akaubamiza ule mlango wa chuma. Mara tatu. Hakuna aliyemshika. Mchuna ngozi mmoja alisema taratibu, akimtazama Mnoaji, "Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni."

Polisi wakamchukua Mnoaji. Mtu wa mizani lazima aandike uzito, na mkono ule ulibaki na vidole viwili, basi kazi akapewa mtu ambaye kaka alikuwa amemfunga.

Hospitali nikamwambia kaka lililokuwa limenikaa kooni: ningejiandika, Mnoaji angekuwa na mtu wa kucheza naye.

Akanizaba kofi kwa mkono uliobaki mzima, nikaona nyota. Nesi akageuka. Kisha kaka akaanza kuhangaika na vifungo vya shati, kimoja kikimponyoka baada ya kingine.

"Nifungie, mdogo wangu," akasema.

Nikamfungia vyote, hadi cha shingoni.