Swali Nililolimeza Jamvini

Sikujiunga na kikundi cha jamvi kwa kupenda amani. Watu wa Dili, mji wetu mkuu, wakija na madaftari yao huniuliza, "Mama Olandina, ni nini kilichokusukuma?" nami huwajibu kwa sauti ya kanisani kwamba ni uchungu wa nchi yangu. Uongo mtupu. Nilijiunga kwa sababu nyumba ilikuwa kimya. Mume wangu Anselmo alipakiwa kwenye lori mwezi wa tisa, mwaka ule wa moto, kijiji kilipochomwa, yeye na shemeji yake Duarte, na tangu siku hiyo nikawa napika sufuria moja ya mahindi na maharage na kuila siku tatu. Watoto hatukujaliwa. Mtu akikaa peke yake namna hiyo huanza kugombana na kuku, na mimi nilikuwa nimeshafika hapo.

Mzee Kalistu ndiye aliyenikuta nikimfokea jogoo. Yeye ndiye mwenye neno hapa Hatulesu, mtu anayezishika mila kichwani na kuzitamka inapobidi. Alikuwa amechechemea mpaka uani kwangu na mguu wake wa jongo, akasimama akisikiliza mpaka nikaishiwa matusi.

"Mdomo wote huo unaumalizia kuku?" akasema. "Njoo jamvini."

Basi nikaenda. Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Waliochoma nyumba zetu wakakimbilia ng'ambo ya mpaka, Atambua, walikuwa wameanza kurudi mmoja mmoja, na kila mmoja alitaka kuishi tena na watu aliowachomea. Tulitandika jamvi kubwa mbele ya nyumba ya ukoo. Aliyekosa anakaa, anatafuna tambuu ya jamvi, anasema alilotenda. Aliyekosewa anauliza. Wakishamalizana tunakunja jamvi, na kuanzia hapo jambo lile halitajwi tena, kisimani wala kanisani, hata mtu akilewa. Atakayelifufua atatoa nguruwe, na aibu juu. Damu haikuwa kazi yetu. Damu ilikuwa ya mahakama ya Dili, na kila tulipokaa palikuwa na afisa kijana akiandika.

Na aliyetafuna tambuu ya jamvi haongopi akiulizwa waziwazi. Hapa kwetu kila mtu anamkumbuka Abilio, aliyeongopa jamvini habari ya nyati, akazika watoto wawili msimu huohuo wa mvua. Kama walikufa kwa uongo wa baba yao au kwa surua, mimi sijui. Najua tu kwamba baada yake hakuna aliyetaka kujaribu.

Mimi nilipewa kazi ya kuzunguka. Naingia nyumba hadi nyumba, nawatuliza wenye hasira, nawaambia watu siku yao. Nilikula kiapo kimoja tu: mwanakikundi hapatani na upande wowote pembeni. Lenye kusemwa lisemwe jamvini. Nilikiapa bila kusita, kwa maana wakati huo hakuna mtu aliyekuwa na kitu ninachokitaka.

Kazi niliipenda, sikatai. Lakini kila kikao kilipokwisha watu walikula pamoja, kisha kila mmoja akaondoka na wake, nami nikabaki kufagia makapi ya popoo na chokaa. Nimeziona familia nyingi zikirudiana mbele ya macho yangu. Nilizifurahia, na nilizionea wivu mpaka kifua kikauma.

Kilichotutesa mimi na wifi yangu Filomena, dada yake Anselmo na mke wa Duarte, ni kwamba hatukuwa wake wala wajane. Maiti hazikuonekana. Kijiji kikaamua wanaume wetu hawakufa, walijiunga na wale wachomaji wakavuka nao mpaka.

"Olandina, vua nguo nyeusi hizo, unajichosha bure," walikuwa wakinitania kisimani. "Anselmo yuko Atambua, kaota kitambi, ana mke wa miaka ishirini!"

"Basi mwanamke huyo ana moyo," nilikuwa nikijibu. "Mimi harufu ya miguu yake peke yake ilinitoa usingizini."

Wanacheka, nacheka nao, nabeba maji yangu. Ila kila siku ya marehemu wote, katekista alisoma majina ya wafu wa kijiji, na majina ya Anselmo na Duarte hayakusomwa. Asiyejulikana kwamba kafa haombewi kama mfu. Filomena alikuwa akisimama pembeni yangu ameshika mshumaa, orodha ikasomwa mpaka mwisho, na mshumaa wake akarudi nao nyumbani.

Filomena ana ulimi mzito. Neno linamganda mdomoni, na mbele za watu ndiyo linakataa kabisa. Tangu mwaka wa kwanza tulikubaliana: siku yoyote mtu wa lori lile akikaa jamvini, mimi nitauliza kwa ajili yetu sote wawili.

"We... wewe una mdomo, wifi," aliniambia. "Mimi nitakaa karibu yako."

Mwaka wa nne akarudi Jacinto. Wakati wa moto alikuwa na miaka ishirini na kiberiti mkononi. Sasa alikuwa kakonda, ana mke na mtoto mchanga. Watu wawili walimwona siku ile akiwa kando ya lori kabla halijaondoka. Aliomba jamvi kwa ajili ya nyumba saba alizochoma, na ya saba ilikuwa yangu. Siku ikapangwa. Nilikwenda mwenyewe kumwambia Filomena, akanishika mikono yote miwili.

Siku tatu kabla ya kikao, mchana, mvua ilinyesha nikawa nakusanya kahawa yangu kutoka uani. Nikasikia sauti.

"Hodi, mama Olandina."

"Karibu kwenye nyumba uliyoichoma."

Hakuingia. Alichuchumaa chini ya upenu, maji yakimchuruzika shingoni.

"Najua utaniuliza," akasema.

"Nitakuuliza mpaka jasho likutoke."

"Ukiniuliza sitaongopa. Nina mtoto wa miezi mitano, mama, siwezi kucheza na tambuu ile. Nitasema nilikuwepo. Yule afisa ataandika, na watanipeleka Dili. Mimi nilifunga kamba tu, sikupiga mtu. Lakini Dili nani ataangalia hayo?"

"Basi kaozee Dili."

"Sawa. Nitaoza. Ila huko wakili ataniambia nifunge mdomo, kama walivyoambiwa wenzangu, na nitaufunga. Mahali walipozikwa hutapajua. Usiponiuliza, mama, kesho yake nakupeleka mwenyewe."

Nikamwambia aondoke kabla sijamtupia ungo. Akainuka, akavuka uwanja taratibu. Laiti angekimbia! Alipofika kwenye ua nilisikia mdomo wangu, huu huu wenye sifa, ukimwita.

"Jacinto. Ni mbali?"

Akageuka. "Nusu siku kwa miguu, mama."

Sikusema kingine, na yeye hakuuliza kingine. Watu hudhani kuvunja kiapo kunahitaji maneno mengi.

Siku ya jamvi Filomena alifika mapema. Alikuwa kavaa blauzi yake nyeusi mpya, kachana nywele kwa mafuta ya nazi, na akakaa karibu yangu hata viwiko vikagusana. Jacinto akatafuna tambuu. Akazitaja nyumba saba, moja baada ya nyingine, akalia alipofika ya mama yake mdogo. Nadhani alilia kweli.

Mzee Kalistu akanyoosha mguu wake mbovu, akauliza kama ilivyo mila, mara tatu.

"Yupo mwenye swali?"

Mwenye nyumba ya tatu akauliza habari za mabati yake, akajibiwa. Mimi nikatazama sahani ya tambuu.

"Yupo mwenye swali?"

Filomena akanigusa kwa kiwiko. Alidhani nangoja wakati mzuri. Sikumtazama.

"Mara ya mwisho. Yupo mwenye swali?"

Ndipo nikahisi Filomena anajiinua kando yangu. "Mi..." akasema. "Mi... mi..." Watu wakangoja. Mzee Kalistu akangoja, Mungu ambariki, alingoja sana. Nyuma mtu akacheka kidogo, kisha mwingine. Filomena akaniangalia mimi. Nilikuwa na swali lile limeiva mdomoni, nimelibeba miaka minne, nikalimeza. Filomena akakaa.

Jamvi likakunjwa. Afisa kijana akasimama akasema ameguswa sana na mama Olandina, kwamba sote tunajua alivyopoteza, na kwamba amechagua kutolifukua lililopita. Akasema wangependa niende vijiji vingine nikawafundishe akina mama kusamehe. Watu wakapiga makofi. Walionitania kisimani wakaja kunikumbatia. Nilipogeuka, nafasi ya Filomena ilikuwa tupu na chakula kilikuwa bado hakijapakuliwa.

Jacinto alitimiza ahadi, hilo siwezi kumnyima. Tulitoka alfajiri, tukashuka mabonde mawili. Saa sita tukafika kwenye mianzi juu ya ukingo wa mto. Akaonyesha kwa kidevu.

"Hapo. Wote wawili, pamoja."

Palikuwa padogo. Majani yalikuwa yameota mabichi kuliko ya pembeni. Nikapiga magoti nikamwita Anselmo kwa sauti, nikalia kilio chote nilichokuwa nimekizuia kwa mizaha, na Jacinto akaenda kusimama mbali. Sijui nililia muda gani. Ninachojua ni kwamba nilipofuta macho niliona kitu kwenye jiwe, nta. Masalia ya mishumaa, mengine meusi ya zamani, mengine meupe.

"Ni wewe?" nikamuuliza Jacinto.

"Mimi? Mama, sijakanyaga hapa tangu siku ile. Naapa kwa mwanangu."

Nilizihesabu zile nta mara mbili. Kisha nikaanza kupanda kurudi, nikamwacha Jacinto nyuma, na sikupumzika mpaka nikafika mlangoni kwa Filomena. Alikuwa anapukuchua mahindi. Hakuinua kichwa.

"Nimepaona," nikasema.

"Najua."

"Ile mishumaa ni yako."

"Ya... yangu." Aliyasema polepole, neno moja moja, mikono ikiendelea na mahindi. "Mchunga mbuzi alinionyesha. Mwaka wa pili."

"Mwaka wa pili! Filomena! Miaka yote hii nalala na mlango wazi kama mwehu, nikisikia mbwa nadhani ni yeye, na wewe unajua? Umeninyima mume wangu?"

"Ni kaka yangu," akasema. Akaweka gunzi chini. "Ni... ningekuonyesha, ungeuliza jamvini?"

Nikafungua mdomo.

"Usi... usiniongopee. Ungewasha mshumaa wako, ungetulia. Nakujua. Wewe ulitaka mahali. Mimi mahali nilikuwa napo. Mimi nilitaka a... aseme. Mbele ya wale wa kisimani, mbele ya katekista. Aseme Duarte hakuvuka mpaka. Aseme waliuawa, wasomwe pamoja na wafu. Ulimi wangu ndio huu, wifi. Nilikuwa na wako tu."

"Nitasema mimi. Kesho. Nitasimama kanisani."

"Utasema nini? Jamvi limekunjwa. Jacinto atakana, na sasa hana tambuu mdomoni, na mifupa haisemi ni ya nani. Watasema upweke umekupanda kichwani." Alipangusa mikono kwenye sketi yake nyeusi. "Na wewe ndiye uliyesamehe. Si wa... walikupigia makofi?"

Ningependa angenifukuza. Ningependa anitukane, anitupie gunzi, maana hayo nayajua, nina majibu yake. Nikasema nisamehe, wifi. Nikasema nilidhani nikipapata mahali hapo nitakupeleka na wewe. Hilo lilikuwa kweli, na hata masikioni mwangu lilisikika kama uongo.

Filomena akainuka, akanisogezea kiti. Mimi, niliyezoea kwake kukaa chini na kunywea kikombe chochote cha bati kilicho karibu, hata chake alichokwisha kukinywea. Akaenda kabatini akatoa kile kikombe cha kaure chenye maua, kile cha wageni, cha padri na cha watu wa Dili, akakifuta kwa kitambaa safi, akanimiminia kahawa.

"Karibu, mama Olandina," akasema.

Nikainywa yote mpaka machicha, kwa sababu sikuwa na pengine pa kwenda.