Sisimizi wa Kichaka cha Likwata

Hapa Mitole hakuna anayewajua sisimizi kunishinda mimi. Wote nawajua kwa majina: siafu, sungusungu, majimoto na wale wadogo wa kwenye sukari. Hao wanne tu. Wa tano akitokea, namwita mdudu.

Mwezi wa saba alikuja Tahera, mjukuu wa Abdulhussein mwenye duka la khanga kule Lindi. Yuko chuo kikuu, anasomea sisimizi. Nilicheka mpaka nikakohoa. Lakini kijiji kilikuwa na vichaka viwili vilivyobaki, kikaamua kimoja kilimwe ufuta, kimoja kiachwe. Kipi kiachwe, Tahera angesema.

"Penye aina nyingi za sisimizi, Bibi," aliniambia, "udongo una uhai bado. Na miti, na ndege."

Kichaka kimoja ni changu. Si kwa hati. Ndimo alimonichumbia marehemu mume wangu, Likwata. Hata sasa nikijilaza mle baada ya adhuhuri, jua huchujwa na majani likawa kijani kama maji ya kisimani. Nasikia majani makavu yakichakarika, sisimizi kwa maelfu wanapita, mvua isiyolowesha. Nikifumba macho Likwata anakuja, unga wa muhogo mikononi, ananiuliza, "Adija, umelala au unanitega?" Naamka nina majani kichwani. Wakilima ufuta, atanikuta wapi?

Tahera akafukia vikombe vya plastiki usawa wa ardhi, kumi kila kichaka, maji ya sabuni ndani, wapitao watumbukie. Akaviacha siku mbili. Siku ya pili goti langu liliuma, nikashinda uani. Kila aliyepita nilimwambia hivyo, hata asiyeuliza.

Asubuhi yake akaja barazani kwangu na sahani nyeupe, brashi na kioo cha kukuzia. Jafari naye akaja, maana alishanunua mbegu za ufuta na alikitaka kichaka changu.

"Cha Bibi, aina kumi na nne," Tahera akasema. "Kile kingine, kumi na mbili."

Jafari akaguna. Mimi nikajitengeneza khanga.

"Ila watatu nawatoa." Akamsogeza mmoja kwa brashi. "Huyu majimoto anashona majani ya mikorosho, na mle hamna mkorosho hata mmoja. Huyu ni wa jikoni, anafuata watu. Na huyu ni mchwa. Mchwa si sisimizi, Bibi. Ndugu yake ni mende."

"Mende!" Jafari akapiga mapaja.

Kumi na moja kwa kumi na mbili. Nikauona ufuta umechanua mle, maua meupe kila mahali, na Likwata anazunguka hana pa kukanyaga.

Tahera alikuwa kainamia kioo. Kisha akasema polepole, "Subhanallah. Bibi, njoo."

Nikachungulia. Alikuwa mdogo, rangi ya asali, hana macho.

"Huyu sijamwona pwani yote niliyotembea. Ukoo wake ni wa kale mno. Wenzake walitoka nje wakabadilika, yeye akabaki chini ya majani, akiishi kizamani. Mkikata kichaka hana pa kwenda. Wale kumi na wawili wa kule nimewaona mpaka Mitwero. Kuhesabu peke yake hakutoshi, Bwana Jafari. Naandika hiki kiachwe."

Nikamtazama yule asiye na macho, nikaona kama naye ananitazama. Mjane kama mimi, pengine, anasubiri mtu kwenye majani.

"Sasa Bibi," Tahera akasema, bado kainama, "wale watatu aliwatia nani?"

"Atakuwa Jafari."

"Mimi?" Jafari akang'aka. "Mimi ninayetaka kulima, nikuongezee wadudu?"

"Basi sijui, mwanangu. Mimi na goti hili, tangu jana sijavuka ua."

Hapo majimoto mmoja, aliyebaki kwenye pindo la khanga yangu tangu jana, akaniuma kiunoni. Niliruka kutoka barazani, nikavuka ua, na nilikuwa nimeshafika njiani nilipokumbuka goti.