Kabati la Saba

Hakukuwa na kitu nyuma ya kioo chochote cha makumbusho ya Élisabethville ambacho Clément, mtembeza wageni wa pale, hakujua kilitoka wapi, kwa mkono wa nani na mwaka gani. Alisema hivyo mwenyewe, Jumanne saa tatu asubuhi, mwezi wa Agosti 1961, mbele ya walimu kumi na mmoja waliokuja kuona jengo jipya. Akaongeza kwamba hata wakimfunga kitambaa machoni atawatembeza. Kisha akageukia kabati la pili, lenye misalaba ya shaba ya wazee wa zamani, akakuta sahani ya bukari, ugali wa kwao, na sombe ya majani ya muhogo. Bukari ilikuwa ingali inatoa moshi. Misalaba ilikuwa imesogezwa kando kwa adabu.

"Na hii?" mwalimu mmoja akauliza.

"Chakula," Clément akasema. "Katanga muzima inakula."

Walimu wakacheka, wakaandika.

Kuhusu jengo lenyewe watu walikuwa wamebishana tangu Juni. Makumbusho ya zamani yalikuwa nyumba ya matofali yenye veranda na vigae vyekundu. Katanga ilipojitenga na Kongo, serikali yake mpya ikataka na mizé mpya, kama makumbusho yalivyoitwa pale, na ubavuni mwa nyumba ile likabandikwa sanduku la simenti na kioo. Kitabu cha wageni kilijaa upesi. Madame mmoja wa Golf, mtaa wa Wazungu, aliandika kwamba ni bwawa la kuogelea linalosubiri maji. Mzee mmoja mstaafu wa mgodini aliandika kwamba amekaa miaka thelathini akioga ndani ya jengo kama lile. Mtu wa Katuba, mtaa wa Waafrika, asiyetaja jina, aliandika: "Iko kama frigo. Banataka kutuweka ndani tusioze." Huyo wa Katuba alikuwa Clément. Siku wageni walipokuwa wachache, alisaidia kitabu kwa miandiko mitatu tofauti.

Baada ya bukari kilikuja kitanda. Ikaja redio, pasi ya makaa, picha ya harusi, na viatu vya watoto wanne vilivyopangwa kuanzia kikubwa hadi kidogo. Kila kitu kilifika asubuhi, siku chache baada ya familia fulani ya watu wa Kasai kupanda lori kwenda kambi ya ONU, Umoja wa Mataifa, kwa sababu mtaani walikuwa wameanza kuchomewa nyumba. Walinzi waliandika ripoti mara mbili, kisha wakaacha, maana mlango haukuvunjwa na hakuna kilichopungua. Vijana wa chama cha serikali waliokuwa wakiingia katika nyumba zile walikuta kuta tupu. Watatu kati yao walikuja makumbusho, kofia mkononi, kuuliza habari za redio. Walionyeshwa kibao kisemacho vitu havishikwi. Wakakisoma, wakaondoka.

Wageni nao wakabadilika. Madame wa Golf alirudi akaandika kwamba sasa, mwishowe, jengo lina watu ndani yake.

Kwenye makumbusho kila kitu kilikuwa na kadi yake: jina la kitu, mahali kilipotoka, na jina la aliyekitoa. Mkubwa wa pale, Mbelgiji aliyeitwa Bwana Adalbert, aliogopa kabati lisilo na kadi kuliko alivyoogopa vita. Akamwambia Clément aandike "Asili haijulikani" na wasonge mbele. Palikuwa na sheria pia, ya miaka mingi, kwamba mwenye kitu akija na mfanyakazi mmoja akatia sahihi kwamba kweli ni chake, anarudishiwa. Hakuna aliyewahi kuitumia.

Clément aliandika kadi sitini na tatu. Mwandiko wake ulikuwa wa mapadre, uliolala kidogo. Watu wa Katuba walisimama mbele ya vioo wakinong'onezana, "Ile si kitanda ya Anaclet?" na "Angalia, sufuria ya mama Edith." Clément aliwasikia. Alichovya kalamu.

Alhamisi, kabla hajaingia, alisikia sauti ya kabati la saba na akajua ni nini. Ilikuwa mashini ya kushona ya mama Hortense, jirani yake. Mume wake, Donat, alikuwa amemwachia Clément funguo kabla ya kupanda lori. "Utuchungie nyumba, mudogo," alimwambia. Clément aliichunga kutoka ndani. Siku ya pili alihamishia kitanda chake. Siku ya nne alieleza ofisi ya komini, wakubwa wa mtaa, kwamba nyumba ni ya mjomba wake. Ilikuwa na vyumba vitatu na bomba uani, na kwao Clément walilala saba katika chumba kimoja.

Akaandika: "Mashini ya kushona. Asili haijulikani." Mkono ulikuwa umezoea.

Mashini ilikuwa inashona mkono wa gauni la shule, la buluu, bila mtu. Wageni walilalamika juu ya kelele.

Jumamosi saa tano na nusu Hortense alikuja mwenyewe. Alisindikizwa na askari wa ONU mwenye kofia ya buluu, aliyeonyesha saa yake kwa kidole: lori linasubiri, dakika ishirini. Vumbi la kambi lilikuwa limempanda Hortense hadi magotini. Alipita makabati sita bila kutazama.

"Mutoto yangu, uko muzima?" akamwambia Clément.

"Karibu ku mizé, mama," Clément akasema, kama anavyomwambia yeyote.

Hortense alimtazama kidogo. Kisha akaieleza hali yake, pole pole, kwa Bwana Adalbert aliyekuwa ametoka ofisini. Kule kambini watu wamelala chini ya magunia. Watoto wanaugua. Mwenye mashini anashonea wengine, wanawe wanakula. Yeye hana, na wanawe wanakula siku moja, siku moja wanaacha. "Hii mashini iko yangu," akasema. "Sitaki kingine. Mubaki na kitanda."

"Nitajuaje?" akauliza Bwana Adalbert.

Hortense alisogea karibu na kioo. Akaweka mguu wa kulia mbele, juu ya sakafu, akaanza kuukanyagisha kisigino na vidole. Ndani ya kabati gurudumu likazunguka kwa mwendo ule ule. Akaharakisha, sindano ikaharakisha. Akasimama, ikasimama. Watu kama ishirini walikuwa wamekusanyika, na mmoja akasema kwamba mkono wa gauni umebaki pindo tu.

"Vizuri," Bwana Adalbert akasema. "Sasa nahitaji sahihi. Clément, unamjua mama huyu?"

Clément alitazama kofia ya buluu, saa ya ukutani, viatu vyake mwenyewe. Vyumba vitatu. Bomba.

"Wanafanana wengi, Bwana," akasema. "Na mashini nazo zinafanana. Sijawahi kufika kwake."

Wawili watatu walicheka, maana walimzoea kwa mizaha. Askari akagonga tena saa yake.

Katika kundi alikuwemo Victorine, anayekaa ng'ambo ya barabara, nyumba yake ikitazamana na ya Hortense. Alikuwa anatazama sindano.

"Clément," akasema, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, "ule mulango ya nyuma ya mama Hortense, ingali inakwama?"

"Hapana, mama, nilipaka mafuta juzi," akajibu Clément. Ulimi wake ulikuwa mwepesi siku zote. Hata shuleni alijibu kabla swali halijaisha.

Hakuna aliyecheka. Bwana Adalbert alikuwa amesikia. Aliangalia kadi, iliyokwisha kuandikwa kwa wino, akaangalia saa, akasema kwamba Jumamosi wanafunga saa sita. Akarudi ofisini.

"Donat alikataa mwaka muzima kuipaka," Hortense akasema. "Asante." Akageuka, akamfuata askari hadi kwenye lori. Mashini ilishona hatua zake tisa, kumi, kisha ikatulia.

Victorine alibaki, kwa kuwa tiketi yake ilikuwa imebakiza dakika kumi kabla ya kufunga. Alimtazama Clément kuanzia viatuni hadi kwenye kola. Kisha akainama kidogo mbele yake, kama mbele ya kabati, akatafuta kadi yake.