Jozi ya Mwisho ya Thelathini na Tatu

Mwaka ule wa elfu mbili Krismasi iliangukia Jumatatu na Idi ikatarajiwa Jumatano, kwa hiyo Arusha nzima ilijikuta madukani kwa wakati mmoja. Siwema alitoka mtaani kwake Sokon One Jumamosi asubuhi, amefunga, na ndani ya mkoba wake kulikuwa na kipande cha mfuko wa saruji alichochorea nyayo za binti yake. Unyayo wa kulia ulikuwa wa mtoto wa miaka tisa. Wa kushoto ulikuwa mdogo kama wa mtoto wa miaka sita.

Najat aliugua polio angali mchanga, na mguu wa kushoto haukukua sawa na mwenzake. Kila Idi kiatu cha kushoto kilijazwa matambara, na ikifika adhuhuri mtoto alikuwa amekivua, anakibeba mkononi. Safari hii aliomba kitu kimoja tu: viatu vyeusi vya mkanda, visivyopwaya. Siwema alimaliza wiki mbili akipekua mitumba ya soko la Kwa Mrombo bila kuambulia kitu. Ndipo aliposikia kwamba Iqbal, mwenye duka la viatu karibu na Soko Kuu, ameshusha bei kwa ajili ya sikukuu.

Foleni ilikuwa imekwishapinda kona. Mbele yake alisimama mama wa makamo kutoka mlimani Meru, kitenge begani, mkononi ana kijiti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Simama nyuma yangu, wasikupite hawa."

Jina lake lilikuwa Elinipa. Kijiti alikikata sawasawa na mguu wa mjukuu wake, aliyechaguliwa kusoma neno kanisani siku ya Krismasi. Jua lilipopanda alimwona Siwema anayumba, akamwambia akakae kivulini, nafasi yake ataishika yeye.

"Zamani tulipanga foleni kwa sababu maduka yalikuwa matupu," Elinipa alisema Siwema aliporudi. "Siku hizi vitu vimejaa mpaka barabarani, na bado tunapanga. Sijui tumekosea wapi."

Waliingia saa sita. Viatu vilikuwa vimemwagwa juu ya meza ndefu, kila jozi imefungwa pamoja kwa uzi, na wanawake wamevikunja viwiko vyao kama wanatwanga. Siwema alipenya. Alipata vyeusi vya mkanda namba thelathini, akaweka karatasi yake chini ya soli: mguu wa kushoto, sawa kabisa. Akachimba tena, akapata thelathini na tatu: mguu wa kulia, sawa. Vyeusi vingine havikuwapo tena mezani.

"Kaka, nina hela ya jozi moja," alimwambia Hatibu, muuzaji. "Nichukulie kimoja hapa na kimoja hapa. Bei ni ile ile."

"Sasa hivyo vitakavyobaki nimuuzie nani, dada? Nunua jozi zote mbili."

"Mwanangu mguu mmoja—"

Lakini Hatibu alikuwa ameshageukia mteja mwingine.

Siwema alisimama pale, mikono imejaa. Kisha akainama kama anayefunga kamba ya kiatu, akafungua nyuzi zote mbili kwa kucha. Akafunga cha kushoto cha thelathini na cha kulia cha thelathini na tatu. Vile viwili vilivyobaki akavifunga pamoja pia, kwa fundo zuri, akavirudisha chini ya lundo. Alilipa. Hakuna aliyetazama namba.

Alikuwa anapokea chenji aliposikia sauti anayoifahamu.

"Asante Yesu! Nimepata!"

Elinipa alikuwa ameinua jozi nyeusi juu ya vichwa vya watu. Alipimisha kijiti ndani ya kiatu kimoja, cha kushoto, kikaenea. Cha pili hakukipima. Nani angekipima?

Siwema alitoka nje. Alipiga hatua kama ishirini kuelekea stendi, akasimama. Alijiambia kwamba yule mama atagundua na kurudisha, na papo hapo akakumbuka maandishi ya mkono ukutani kwa Iqbal: mali ya sikukuu hairudishwi. Alijiambia pia kwamba mtoto yule ana miguu miwili mizima. Wazo hilo ndilo lililomtia aibu.

Elinipa alipotoka, Siwema alimfuata, akamweleza yote, tangu uzi wa kwanza. Akamwonyesha na ile karatasi. Elinipa aliitazama, halafu akatoa viatu vyake na kuvisimamisha ukutani, kimoja kikubwa, kimoja kidogo.

"Mimi nilikushikia nafasi," alisema.

"Najua, mama."

"Na ungeniacha nipande navyo mlimani."

Siwema alichuchumaa, akafungua fundo lake mwenyewe, akamkabidhi kiatu cha kulia cha thelathini na tatu. Labda alitumaini kwamba yule mama atakirudisha. Elinipa alikipokea, akakipimisha kijiti taratibu, akavifunga viwili vyake pamoja, kile kidogo akamwachia Siwema.

"Nimekusamehe, mwanangu. Lakini kiatu nakichukua."

Akaenda zake, na Siwema akabaki na jozi ya thelathini.

Jioni, baada ya futari, alimweka Najat kitandani na kumsimulia bila kuficha. Mtoto alivaa cha kushoto, akatembea nacho huku na huku. Hakikucheza hata kidogo. Cha kulia hakikuingia, kisigino kilibaki nje. Keshoyake fundi viatu wa mtaani alikipasua mbele na kushona ukingo, vidole vikapata pa kutokea.

Siku ya Idi Najat alikwenda kuswali navyo, kimoja kimeziba mbele, kimoja kiko wazi, na alirudi jua likiwa utosini vyote viwili vikiwa miguuni. Watoto wengine walikuwa wamemuuliza kwa nini havifanani.

"Ukawajibuje?"

"Nikawaambia kingine kimekwenda Meru kusoma kanisani." Akakaa chini kufungua mkanda. "Mama, huyo mwenzangu aliyekivaa anaitwa nani?"

Siwema hakuwa amemuuliza Elinipa jina la mjukuu.