Mbili za Orvil

Tangu mgongo wa Orvil Combs uharibikie kwenye mgodi wa makaa, huko milimani Kentucky, ilikuwa imepita miaka minne bila yeye kupiga magoti kanisani siku ya kila mwaka ya kuoshana miguu, kama Yesu alivyowaosha wanafunzi wake. Wanaume wenzake walifunga taulo kiunoni wakainama kwenye mabeseni. Yeye alikaa benchini akioshwa tu, asimwoshe mtu, na aibu hiyo ilimuuma kuliko mgongo wenyewe.

Ndipo akajiandikisha kwenye majaribio ya dawa kwenye kliniki ya mjini. Kilikuwa kidonge cha jamii ya mofini, dawa kali ya kutuliza maumivu, kimoja asubuhi kimoja jioni, kinachofanya kazi polepole kutwa nzima. Mwezi wa kwanza wote walipewa dawa yenyewe, na Orvil akalala usiku kucha kama zamani. Baada ya hapo, nesi Twyla alimweleza, nusu yao wangeendelea na dawa, na nusu wangepewa vidonge vinavyofanana nayo lakini visivyo na kitu ndani. Hata yeye nesi hakujua nani amepata kipi. Kazi ya Orvil ilikuwa moja tu: kila jioni aandike daftarini maumivu yake, kuanzia sifuri hadi kumi. Yakizidi, angetolewa kwenye majaribio na kurudi kwenye matibabu yake ya zamani, yaliyokuwa hayamsaidii kitu.

Hapo ndipo alipoharibu. Mgodini, aliyesema anaumwa alirudishwa nyumbani na nafasi yake akapewa mwingine; Orvil aliishi hivyo miaka thelathini. Wiki ya pili baada ya mgawo huo maumivu yakarudi. Akaandika mbili. Kesho yake alishindwa kushuka garini mpaka akavutwa, na jioni akaandika mbili. Mkewe Verna alipochungulia daftari alimuuliza kama mbili hizo ni za mgongo wake au wa jirani. Orvil akamwambia asubiri, huenda dawa inajipanga. Ukweli ni kwamba alitaka kupiga magoti mwaka huu, na hakuwa tayari kunyang'anywa kidonge hicho, kiwe na kitu ndani kisiwe nacho.

Jumapili ya kuoshana ilipofika, akajikaza, akapiga magoti mbele ya Hobart Sizemore, waliyechimba naye makaa. Akamwosha miguu yote miwili, akaifuta kwa taulo. Alipotaka kuinuka, mgongo ukagoma.

Hobart, asiyejua lolote kuhusu zile mbili za daftarini, akamwinamia sikioni.

"Nakuonea wivu, Ndugu Orvil. Mimi nilikuwa kwenye majaribio hayo hayo. Nikaandika nane, nane, nane, mpaka wakanitoa wiki iliyopita. Sasa nakuona wewe unapiga magoti, najiambia kumbe legelege ni mimi."

Orvil aliyatazama maji ya beseni. Roho ilimsuta kwelikweli. Alijua neno atakalolisema halitaishia hapo. Lazima kesho liingie daftarini, na likiingia, kidonge ndiyo basi.

"Hobart, siwezi kuinuka."

"Umesemaje?"

"Ni tisa. Wiki ya tano sasa ni tisa. Naandika mbili."

"Wiki nzima nimejiona si mwanamume," Hobart alisema.

Kisha akashika ukingo wa benchi, akajishusha taratibu huku akigumia, mpaka naye akafika sakafuni. Akalivuta beseni.

"Basi kaa hapo hapo. Lete mguu, mwongo mkubwa we."

Orvil hakuweza kukifikia kiatu chake, kwa hiyo Hobart akamvulia.