Mawese kwenye Tumbo la Boti

...na hapa tena, chini kidogo ya mkuku, ule uti wa mgongo wa boti, rangi nyeusi inakimbia, inajikunja pembeni kama tone la maji juu ya jani la magimbi, inaacha doa, na doa lina vidole, Mungu wangu, lina vidole na kiganja kizima, na Ketsia hana haja ya kuuliza ni mkono wa nani, mkono wenyewe ndio huu ulioshika rulo, ile brashi ya kuviringisha, bado unang'aa mawese hadi kifundoni, mawese aliyojipaka asubuhi kwa furaha kabisa, akijisifu, maana ndivyo mama yake alivyomfundisha, ukitaka kumenya ndizi mbichi jipake mafuta kwanza, utomvu hautakushika, na hii gundi ya epoksi ni nini kama si utomvu wa dukani, akamwambia mume wake, angalia, Papa Claire, hii njo akili ya mama mukwe wako, na Prospère akacheka, akasema huyo mama wangemupeleka shule angekuwa injenieri, kisha wakairudisha boti kifudifudi juu ya magogo, yeye akisukuma kwa viganja vyote viwili, akiegemea, akipapasa huku na huku kama mtu anayepapasa shavu la mtoto, imekuwa laini, Papa Claire, imekuwa laini kabisa... na tabaka la kwanza lilikuwa jeusi tayari, limekauka tangu jana, mafuta juu ya weusi nani angeyaona, yalitulia tu yakingoja, sasa tabaka la pili linapita, na kila alipogusa linakataa kushika.

"Mama Claire, uko huko?" Sauti ya Prospère inatoka ng'ambo ya boti, kichwa chake hakionekani, mgongo wa boti umekificha. "Niko." "Usiache ikauke ndani ya kikombe." "Siachi." Na kikombe kimeanza kupata joto mkononi, hilo nalo walilijua, gundi ukishaichanganya na dawa yake ya kuigandisha inajipasha moto yenyewe, halafu inaganda, hairudi tena kuwa maji hata uilie, na hii ndiyo ya mwisho, makopo yaliyotoka Kigoma yamekwisha, na unga wa grafiti unaochanganywa na gundi kuwa rangi umekwisha, ule unga mweusi laini kama moyo wa penseli uliosagwa, Papa Félicien aliutoa kwake, mzee aliyelainisha magurudumu ya treni miaka yote hadi akapumzishwa, aliuleta mwenyewe ndani ya kopo la maziwa, kwa miguu, na jua lile, akasema huu unateleza, binti yangu, maji yatapita chini ya boti bila kupata pa kushika, na mukiivuta juu ya mchanga mbao hazitakwaruzika, akakataa kiti, akakataa chai, alitaka tu kumbeba Claire kidogo, akambeba, akaondoka na makamasi ya mtoto begani bila kujipangusa... watu wanakuwa wema namna hiyo, halafu wewe Ketsia unaupaka wema wao mawese.

Amwambie? Aanze vipi, Papa Claire, simama, nimeharibu, na rangi inaganda, na Prospère yuko huko anapiga mluzi, hajapiga mluzi tangu siku ile... siku ile boti ya kwanza ilipofunguka katikati ya ziwa kwenye njia ya kwenda mji wa Moba, ilikuwa ya mbao za kuunga, na pamba, na lami, na lami ilikataa kushika mahali pamoja tu, mahali padogo, Ketsia alimsikia akiwasimulia watu, padogo kama kiganja, alisema hivyo, kama kiganja, akanyoosha mkono kuwaonyesha, na yeye alikuwa mlangoni na mimba ya Claire akautazama ule mkono... Prospère alielea akikumbatia bidoni tupu, dumu la plastiki, hadi wavuvi wakamwokota akitetemeka, na mmoja wao akavua shati lake la njano akamvika, yeye mwenyewe akabaki kifua wazi kwenye upepo, shati bado liko, Ketsia analifua kila mara na kulikunja, hajui wa kumrudishia. Tangu hapo Prospère akitaja tu ziwa, Ketsia tumbo linamkaza. Ndiyo maana boti hii ni ya tripleksi, mbao pana za kubandikwa, imevikwa gundi ndani na nje, ndiyo maana kuna grafiti, ili tumbo limwachie, ndiyo maana alitaka kupaka kwa mikono yake mwenyewe, mikono yake, loo... anachukua pindo la kitenge anapangusa doa, linazidi, vidole vinatanuka vinakuwa wingu, anapangusa tena, wingu linakua, Claire mgongoni anajinyoosha na kumpiga teke la ubavu, tulia mama, tulia, na harufu hii ni ya nini, si ya gundi, gundi haina harufu tamu hivi, inapanda puani, ni harufu ya saluni, ya Chérie, wifi yake, hapo nyuma ya ua wa matete, harufu ya ile dawa ya kutoa rangi ya kucha, pengine Chérie amefungua dirisha... lakini upepo unatoka ziwani, hautoki kwa Chérie. Na kabla ya hapo, Prospère alipoaga kwenda kunywa maji alikawia, Ketsia akamkasirikia kimoyomoyo, mtu anakwenda kunywa maji na rangi inangoja, ameyafuata Moba hayo maji?

"Kaka Prospère!" Ni Chérie huyo, anapiga kelele nyuma ya matete. "Unirudishie kachupa kangu! Bibi-arusi anangoja hapa, mukono mumoja rangi mupya, mukono mumoja rangi ya zamani!" "Mwambie avumilie," Prospère anajibu, "hapa pia tuko na bibi-arusi!" "Bibi-arusi gani mweusi hivyo!" "Mweusi njo mzuri!" Chérie anacheka, na mwingine anacheka pamoja naye, bila shaka bibi-arusi mwenyewe... kachupa gani? Kwa nini kachupa ka Chérie kawe kwa Prospère?

Na mkono unatokea juu ya mkuku, mkono wa Prospère, mweusi hadi kwenye kiwiko, umeshika kitambaa kilicholowa. "Shika hii. Pale rangi inakataa, pangusa, ngoja kidogo, kisha pitisha rulo tena." Sauti yake ya kawaida kabisa, kama mtu anayekuomba chumvi. "Iko vile, kila boti iko na mahali inakataa. Lakini anza na mikono yako, iko na vumbi."

Vumbi. Amesema vumbi. Ketsia anapokea kitambaa, kina baridi, kina harufu ya saluni, na si cheupe, katikati kina rangi ya machungwa, rangi ambayo mwanamke yeyote wa Kalemie anaijua akiwa amefumba macho, ni mawese, mawese ya nani kama si yake, na yeye upande huu bado hajakipangusia kitu. Anainama, mtoto anateleza kidogo mgongoni, anachungulia chini ya boti kati ya magogo, anaona magoti ya Prospère, kachupa kale ka Chérie ka kifuniko cha pinki kamebaki na dawa kidogo sana, na vitambaa vingine vimetupwa mchangani, vyote rangi ya machungwa... kwa hiyo alijua. Aliona viganja vyake upande ule kabla yeye hajaviona upande huu, akasema anakwenda kunywa maji, akavipangusa kimoja kimoja, akipiga mluzi, asije mtu akasema mkono wa Ketsia ulifanya nini, asije mtu akasema mama yake alimfundisha nini... anajipangusa mikono, kidole kwa kidole, hadi ngozi inakauka na kukaza, anapangusa doa chini ya mkuku, anahesabu pumzi za Claire, anapitisha rulo, na rangi inafika pale, inasita, haikimbii, inatandaa, nyeusi, laini, imeshika.

"Papa Claire." "Ehe." "Ni yale mafuta ya..." "Mafuta gani?" anasema Prospère, na rulo yake haisimami, inakwenda na kurudi, inakwenda na kurudi, na Ketsia anapitisha ya kwake upande huu, kikombe kina joto lakini rangi bado ni majimaji, inatosha doa moja au mawili, na bila kutaka anaiona boti imegeuzwa, iko majini, Prospère ndani yake na shati la njano, inaipita bandari, inashika njia ya Moba, inakuwa ndogo, ndogo zaidi, na anangoja tumbo limkaze, kama kawaida, anangoja, rulo inakwenda na kurudi, anangoja... halimkazi.